Hakimu na Machozi

Kwanza tuelewane: fundi mapazia huyu hakuwa mwongo. Watu walimwachia madirisha yao, na hilo si jambo dogo, maana pazia likipungua kidogo tu, nyumba nzima inaonekana kama imevaa suruali ya mdogo wake. Alikuwa mwanamke mkweli, mpole, mwepesi wa kulia. Akiona harusi ya watu asiowajua, analia. Akisoma kwamba kijana amempelekea binti mwavuli kwenye mvua, analia. Ndiyo maana rafiki yake alimpa jina la Machozi, nalo likamganda.

Rafiki mwenyewe, naye mwanamke, alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa mpokezi katika kliniki ya meno, na mtu anayeshinda akiwaambia watu walioshika mashavu kwamba wasubiri zamu yao, huruma humkauka kidogo. Mdomo wake ulikuwa mchungu na macho makavu. Machozi alilipiza kwa kumwita Hakimu. Walikaa dawati moja tangu shule ya msingi, wakakua wakiigana hadi sauti zao zikakaribia kuwa moja. Mama yake Machozi, enzi za uhai wake, alipiga simu siku moja akamwaga siri za ukoo mzima kabla ya kugundua kwamba anayemjibu "ndiyo, mama" siye mwanawe.

Ukubwani kilichowaunganisha ni riwaya za mapenzi. Hawakuzisoma kwa kificho kama watu wazima wengine, wanaoficha kitabu chini ya mto na kujifanya wanafuatilia habari za uchumi. Hawa walizisoma, wakazipima, wakazihukumu mbele za watu. Walikuwa na kundi lao la simu lenye wanachama wengi wasiojuana sura. Kila Jumamosi baada ya kazi walikaa kwenye chumba cha kushonea, wakaweka simu ya Machozi juu ya robota la kitambaa, wakarekodi mjadala wao kwa ajili ya kundi. Chumba kile kiliwafaa kwa sababu mapazia yaliyoning'inia kila upande yalimeza mwangwi. Machozi alisifu, Hakimu akachana. "Huyu mwanaume," Hakimu angesema, "kapotea miaka yote hiyo, karudi na ua moja. Moja! Angekuwa mgonjwa wetu ningemwambia arudi kesho." Dereva mmoja wa lori aliandika kwamba ilibidi asimamishe gari pembeni ya barabara kwanza acheke.

Walikuwa na utaratibu wao wa kusoma, na sijaona wengine wenye nao. Kitabu kilikuwa kimoja, wasomaji wawili, na subira hakuna mwenye nayo. Basi Machozi alichukua mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, akakipasua kitabu mgongoni katikati. Yeye alianza na nusu ya mbele, Hakimu na nusu ya nyuma. Ndiyo, ya nyuma. Hakimu alishikilia kwamba mapenzi hupimwa mwishoni: kama mwisho unaweza kumliza mtu asiyejua hata wahusika walikutana wapi, basi mwandishi ana kitu. Hakuna mwisho ambao Machozi aliwahi kuona ukimliza. Wakimaliza walibadilishana, kisha Machozi akaziunganisha zile nusu kwa sindano nene na uzi wowote uliobaki kwenye cherehani. Rafu yao ilijaa vitabu vyenye mishono ya kijani, ya zambarau na ya dhahabu, kufuatana na mapazia ya nani yalikuwa yakishonwa wakati huo.

Kisha Hakimu akafa. Sina namna nzuri ya kulisema, na mwenyewe asingependa lipambwe. Aliamka kichwa kikimgonga, akaenda kazini, akakaa mezani pake akapanga wagonjwa wa siku hiyo, na kabla jua halijazama mumewe alikuwa ameitwa hospitali kuutambua mwili. Machozi alilia mpaka sauti ikamkauka. Alikwenda mazikoni, akamshika mkono mume huyo, shemeji yake, fundi majokofu, mwanaume mkimya ambaye hata siku ile hakusema zaidi ya "ahsante kwa kuja". Halafu akarudi kwenye mapazia yake, na hakukanyaga tena nyumbani kwa marehemu.

Kundi halikujua. Alikusudia kuwaambia, msinielewe vibaya. Alishika simu akaandika "mwenzangu", akafuta, akaandika tena. Lakini kulikuwa na rekodi za akiba, maana zamu za kliniki hazikutabirika na wawili hawa walizoea kurekodi kadhaa kwa mpigo. Jumamosi ilipofika Machozi akajiambia atume moja tu, halafu atatoa taarifa. Akaituma. Baada ya muda mfupi watu walikuwa wanavunjika mbavu, wanamtania Hakimu, wanambishia, wanamwambia safari hii amezidi. Mfamasia mmoja mama mtu mzima, ambaye hakosi neno, aliandika, "Hakimu, na wewe siku moja tutakuona unalia." Kwa jioni ile nzima Hakimu alikuwa hai katika simu za watu. Nani angekuwa na moyo wa kuizima jioni kama ile? Machozi hakuwa nao. Akatuma nyingine Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na kila aliyoituma aliifuta kwenye simu yake, simu ndogo ya zamani iliyokuwa ikijaa upesi.

Siku moja aliangalia orodha ya waliosikiliza, akaona jina la Hakimu. Nywele zilimsimama. Simu ya marehemu ilikuwa imefungua rekodi na kuisikiliza mpaka mwisho. Akili yake ilijua kwamba simu haikuzikwa, kwamba iko nyumbani, kwamba kuna mtu ameishika. Akili ilijua. Mikono ndiyo haikujua, maana ilipitisha sindano ya cherehani mahali pasipofaa na kuharibu marinda ya pazia la mteja.

Akiba ikaisha, nayo ilikuwa lazima iishe. Alikaa na kitabu walichokuwa wamekisoma wote bila kukirekodi, akasema maneno yake, akanyamaza mahali ambapo Hakimu angeingia. Ule ukimya ulimuumiza. Akajaribu kuujaza, kwa majaribio tu, akinuia kufuta. Alikaza taya kidogo, akashusha sauti kidogo, akasema, "Mwenzangu kashalia, mleteeni beseni." Aliposikiliza, kijasho chembamba kilimtoka. Hakuwa amemwiga Hakimu. Alikuwa Hakimu. Akaituma kabla hajajikataza.

Tangu hapo mambo yalianza kwenda yalikotaka yenyewe. Mwanzoni alikuwa akifikiria cha kusema kisha akakisema kwa sauti ile. Baadaye sauti ilimtangulia. Alikuwa akimaliza sentensi yake, naye Hakimu anamkata kauli kwa jambo ambalo hakulipanga, jambo la kuchekesha kuliko lolote aliloweza yeye, na Machozi anacheka kweli, peke yake, katikati ya mapazia. Aliacha kupokea wateja siku za Jumamosi. Alianza kuweka viti viwili. Aliogopa, lakini ile hofu aliipenda kuliko kitu kingine chochote alichobaki nacho, na ukweli ndio huo.

Kilichomuumbua ni kitabu cha mpima ardhi.

Kilikuwa cha mwisho kukatwa kwa mkasi. Mpima ardhi anafika kupima shamba la mzee mmoja, anampenda binti wa mzee, ambaye ni muuguzi, na mpaka wa shamba unageuka kuwa ugomvi. Machozi alikuwa na nusu ya mbele. Nusu ya nyuma ilikuwa kwa marehemu. Angeweza kwenda kuiomba, lakini unamwendeaje mjane wa kiume, unamgongea mlango, unamwambia umefuata nusu ya kitabu? Wanachama walikuwa wanakidai kitabu kile. Naye alikuwa amesoma riwaya nyingi mno kiasi cha kudhani anajua zote zinakoishia. Akamwacha Hakimu aseme. Na Hakimu akasema, "Harusi ile ya mwisho imenichosha. Wapambe wengi kuliko mapenzi. Nimefunga kitabu nikaenda kuosha vyombo."

Wanachama walicheka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekisoma.

Jumatatu asubuhi alikuwa sakafuni, pini mdomoni, akipima upindo wa pazia la ofisi moja, mlango ukafunguliwa. Shemeji yake alisimama pale na mfuko wake wa zana begani. Alikuwa amekonda. Machozi alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine ili apate muda.

"Karibu, shemeji. Karibu kiti."

Shemeji aliviona vile viti viwili, hakukaa. Alifungua mfuko, na kutoka katikati ya mabomba na bisibisi akatoa nusu ya kitabu iliyofungwa kwenye kitambaa safi.

"Hakuna harusi, shemeji," alisema.

"Unasemaje?"

"Humu ndani. Hakuna harusi. Yule kijana anahamishwa kikazi, binti anabaki na baba yake mgonjwa. Hawaonani tena. Binti huwa anakwenda kwenye lile jiwe la mpaka wa shamba, analisafisha, anarudi nyumbani. Basi, kimeishia hapo." Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kumsikia akitoa. "Mke wangu alikimaliza akiwa kitandani pembeni yangu. Akalia. Nimekaa naye miaka yote, sijawahi kumwona analia kwa kitabu. Nikamuuliza, akaniambia nisimwambie mtu, wewe hasa. Alisema utamtania mpaka mwisho wa dunia."

Machozi alihisi uso unamwaka.

"Sasa mke wangu huyo," shemeji aliendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "ndiye namsikia juzi kwenye simu anasema harusi imemchosha."

Chini barabarani mtu alikuwa anajaribu kuwasha pikipiki isiyotaka kuwaka.

"Nilidhani zote ni zake," alisema shemeji. "Nilijua mlikuwa mnarekodi nyingi kabla. Nikasema, shemeji ana busara, anatupunguzia taratibu, anatutolea kidogokidogo. Kila ikija mpya nashukuru Mungu. Nakaa nayo. Nakula nayo. Nikienda kazini naisikiliza huku nafungua majokofu ya watu. Nikajua zile ndizo siku zake za mwisho." Akatoa simu mfukoni, simu ya marehemu yenye kava jekundu ambayo Machozi aliifahamu kama anavyoufahamu mkono wake. "Niambie zipi ni zake."

"Shemeji, nisamehe. Sikujua kama wewe..."

"Uliliona jina. Usiniambie hukujua."

Naam, aliliona. Machozi aliinamisha kichwa. Aibu ilimshika, aibu ile ambayo mtu anatamani sakafu ifunguke, na chini ya aibu kulikuwa na hofu nyingine ambayo hakuthubutu kuitamka: kwamba wakishatenganisha za kweli na za uongo, Hakimu atakuwa amekufa sasa. Yale mazishi ya kwanza alikuwa ameyakwepa moyoni. Haya yalimfuata mpaka chumbani kwake.

Wakakaa, kila mmoja kwenye kiti chake, simu katikati juu ya robota. Shemeji alibonyeza.

Sauti ya Hakimu ilijaa chumba. "Mwanamke ana mashamba, ana gari, ana akili, anamlilia mtu asiyejua hata kufua soksi."

"Huyo ni yeye," alisema Machozi. "Tulikuwa wote. Alikuwa anakula karanga, ukisikiliza utamsikia anatafuna."

Shemeji alisikiliza. Akamsikia mkewe anatafuna. Akafumba macho kidogo, akabonyeza nyingine.

"Mwenzangu kashalia, mleteeni beseni."

"Huyo ni mimi."

Kidole cha shemeji kilifuta. Hakikusita. Machozi alishtuka kana kwamba amechomwa sindano.

Wakaendelea hivyo. Yeye. Yeye. Mimi. Yeye. Mimi. Kila aliposema "mimi", rafiki yake alifutwa palepale mbele ya macho yake, tena ile mizaha iliyomchekesha peke yake ikiwa ndiyo mingi. Mara mbili alitamani kudanganya. Mara zote mbili alimtazama shemeji na akashindwa. Ile ya harusi haikuhitaji maneno, shemeji aliifuta bila hata kuifungua.

Ikabaki moja. Shemeji hakuibonyeza mara moja. Aliipangusa vumbi simu kwa mgongo wa mkono, na Machozi akaelewa kwamba hii ndiyo aliyoijia.

"Mwanaume wa kitabu hiki," ilisema sauti ya Hakimu, pole kuliko kawaida yake, "mnalalamika kwamba hasemi. Mimi wa kwangu hasemi pia. Lakini akirudi huwa anagonga geti kwa funguo, mara mbili, hata kama liko wazi, ili nisishtuke. Kitabu kizima hakina kitu kizuri hivyo."

Rekodi ikaisha. Shemeji alikuwa anaitazama simu, si mtu.

"Na hii?"

Machozi aliikumbuka siku ile vizuri. Alikumbuka kitabu, alikumbuka pazia la maua lililokuwa mezani, alikumbuka kwamba alikuwa ameketi peke yake. "Mdomo ulikuwa wangu," alisema.

Kidole kilisogea kuelekea kwenye kioo.

"Ngoja, shemeji. Mdomo ulikuwa wangu, lakini hilo la geti mimi silijui. Sijawahi kulisikia. Lilitoka lenyewe. Nilidhani nimetunga."

"Alikuambia."

"Sikumbuki. Labda aliniambia zamani nikasahau. Nakuapia sikumbuki."

Shemeji aliondoa kidole kwenye kioo. Alipozungumza, aliongea kama mtu anayejisemea. "Nagonga tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Alikuwa mwoga wa vishindo. Sikumwambia kwa nini nagonga. Hajawahi kuniuliza. Nilidhani hajagundua." Akapangusa uso kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu. "Miaka yote nilidhani hajagundua."

Ile rekodi hakuifuta. Aliirudisha simu mfukoni, akasimama, akaiweka nusu ya nyuma ya kitabu juu ya robota.

"Waambie watu," alisema. "Leo. Kwa mdomo wako mwenyewe. Mke wangu amekufa, shemeji. Nimechoka kuwa mtu pekee anayejua."

"Nitawaambia."

"Na usiseme tena kwa sauti yake. Hata ukiwa peke yako."

Machozi aliitikia kwa kichwa. Alimsikiliza akishuka ngazi, mabomba yakigongana ndani ya mfuko, mpaka hatua zake zikapotea.

Hakutaka kusubiri, maana alijijua. Alikiondoa kiti cha pili akakisukumia nyuma ya mapazia. Akapiga moyo konde, akashika simu, akabonyeza. Alisema polepole, akijichunga kila neno, taya limelegea, sauti yake ileile aliyozaliwa nayo. "Wapendwa, mwenzangu hatunaye tena. Amefariki, na si leo. Nimekuwa nikiwadanganya, nikizungumza na nyinyi kwa sauti yake kwa sababu sikuweza kumwacha aende. Nisameheni. Kuanzia leo nitasema kwa sauti yangu tu."

Akatuma. Akaweka simu, akafunika uso kwa kipande cha kitambaa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akahisi kama mtu aliyetua mzigo. Kulikuwa na uchungu, ndiyo, lakini ulikuwa uchungu wake mwenyewe. Alisikiliza kama kuna mtu atamkata kauli. Hapakuwa na mtu.

Simu ikaanza kulia, ikawa hainyamazi. Akaifungua.

"Innalillahi. Pole sana, Hakimu," aliandika mfamasia. "Machozi wetu! Mungu amlaze pema. Nani atatulilia sasa?"

Alidhani amesoma vibaya. Akateremka.

"Pole, Hakimu. Kaza moyo, dada yangu."

"Hakimu, leo na wewe umetutoa machozi."

Na dereva wa lori, kwa maandishi marefu yasiyo na nukta: pole sana Hakimu mimi nilishashtuka siku nyingi nikawa nasema mbona huyu Machozi wa siku hizi anaongea kama mtu anayeigizwa kumbe ulikuwa wewe.

Machozi alisoma ujumbe huo hadi herufi zikaanza kucheza. Akairudisha rekodi yake mwanzo, akaiweka simu sikioni, akasikiliza. Akasikiliza tena. Mapazia yalikuwa yametulia. Mwanamke aliyekuwa akizungumza mle ndani alikuwa na sauti kavu, iliyoshuka kidogo, ya mtu aliyezoea kuwaambia wagonjwa wasubiri.

Alisimama. Akakohoa, akalamba midomo, akaita jina lake mwenyewe kwa nguvu chumbani, kisha akabonyeza tena na kusema haraka, karibu kwa kupiga kelele, "Hapana, sikilizeni! Ni mimi! Mimi ndiye Machozi!"

Jibu la dereva wa lori lilikuja kabla ya mengine.

"Hakimu, tafadhali. Usimwigize tena. Mwache apumzike."